Walianza na Waliochukiwa

Siasa zangu ni za kiliberali, na Mombasa ukisema hivyo watu hukuuliza kwanza unalipwa na ubalozi gani. Siwalaumu. Tumezoea kuona mambo ya haki na uhuru yakija na semina ya hotelini, nauli ya kurudia na picha ya pamoja mbele ya bango. Mimi sikuyapata hotelini. Niliyapata kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria ng'ambo ya Likoni, ambako kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika wanayokuja kueleza akina mama: mwanangu alitoka nyumbani saa ngapi, alivaa nini, gari lilikuwa rangi gani, nani aliona.

Ninachoamini ni kifupi. Serikali isimfanyie mtu yeyote jambo ambalo haiwezi kulieleza mbele ya hakimu. Nikisema mtu yeyote, namtia ndani hata yule ambaye wewe na mimi tukimwona tunavuka barabara. Ukimtoa huyo, imani iliyobaki hata dikteta ataitilia sahihi.

Miaka ya 2012 hadi 2016, vijana wa Pwani walipokuwa wakichukuliwa kwa kushukiwa ugaidi, benchi letu halikukaa tupu. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya kitambulisho cha mwanawe, picha ndogo ya pasipoti ya enzi za shule, na cheti cha madrasa kilichotiwa plastiki. Nikamwambia cheti hakihitajiki. Akakirudisha kwenye bahasha, kisha akakitoa tena na kukiweka juu ya meza yangu, akakilaza vizuri upande wa maandishi. Alidhani nitataka ushahidi kwamba mtoto ni mwema kabla sijaanza kuandika. Kituo cha polisi alichoanzia kilikuwa kimemtaka karibu hivyo hivyo. Askari wa zamu alikataa kumpa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, akamwambia mtu mzima hapotei, na kama amepotea basi akatafutwe Somalia.

Njia ilikuwa ile ile kwa karibu kila familia. Unahangaikia nambari ya OB. Unazunguka vituo, kisha mochari. Halafu wakili anapeleka ombi Mahakama Kuu, mtu aletwe mbele ya jaji akiwa hai au maiti. Katiba yetu ya 2010 imeipa amri hiyo uzito wa pekee: ibara ya 25 inaitaja pamoja na haki ya kutoteswa na haki ya kesi ya haki, kwamba hizo hazipunguzwi kwa sababu yoyote, hata ya usalama wa taifa. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kwenye karatasi hakuna nchi jirani inayotushinda. Kisha wakili wa serikali anasimama na kusema mtu huyo hatunaye, hatumjui, hatukumkamata. Jaji atamwamuru nani amlete asiyeshikwa na yeyote? Faili linafungwa. Mama anarudi Likoni na bahasha yake.

Wakati huo nchi haikutaka kusikia habari hizo, na sababu zilikuwepo. Septemba 2013 watu 67 waliuawa na magaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Juni 2014 ikawa Mpeketoni, wakauawa zaidi ya 60. Aprili 2, 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Ukizungumzia haki za mshukiwa wiki kama hizo unaonekana huna moyo, au una lako jambo. Mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa kwetu, MUHURI na HAKI Africa, yalitiwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kufadhili ugaidi siku chache tu baada ya Garissa, akaunti zao za benki zikafungwa. Ilibidi Mahakama Kuu ya Mombasa iyatoe kwenye orodha hiyo Novemba mwaka ule ule. Miezi yote hiyo katikati, nani angewaandikia akina mama?

Nimewahi kubishana sana na ami yangu, mzee aliyestaafu bandarini, mtu wa kusoma gazeti hadi matangazo ya vifo. Ami si mjinga na hoja zake si za kijinga. "Mwanangu," aliniambia siku moja baada ya Magharibi, "wale wachezaji ngoma wa Kikambala, wakili wao alikuwa nani?" Alikuwa akisema bomu la hoteli ya Paradise la Novemba 28, 2002, lililoua watu 13: Wakenya 10, wakiwemo wasanii waliokuwa wakiwachezea wageni ngoma ya kuwapokea, na Waisraeli watatu. Akaendelea: walioshtakiwa kwa mauaji hayo korti iliwaachia mwaka 2005, ushahidi haukutosha. Kwa hiyo korti yako, Bi Mkubwa, imesaidia nini?

Sikumjibu kwamba korti haikosei. Nilimwuliza kati ya vijana wote waliochukuliwa na magari yasiyo na namba, ni yupi ambaye kuchukuliwa kwake kulimpatia mmoja wa wale wachezaji ngoma haki yake. Hakuna aliyesimamishwa mbele ya watu akasomewa alichofanya. Hakuna mtandao uliofichuliwa hadharani tukajua nani alileta gari la mabomu na nani alilipia. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyeshutumiwa kuunga mkono al-Shabaab na ambaye alikuwa na kesi mahakamani, alipigwa risasi ndani ya gari akiwa na familia yake Agosti 27, 2012. Abubaker Shariff, maarufu Makaburi, mhubiri mwenzake, akapigwa risasi karibu na korti ya Shanzu Aprili 1, 2014. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Na niseme wazi, mahubiri ya watu wale yalikuwa sumu. Chini ya utawala walioutaka, mwanamke kama mimi asingekaa ofisini kuandika chochote. Ndiyo maana hasa nilitaka kesi ya Rogo ifike mwisho. Badala yake mji uliwaka kwa ghasia na vijana wakapata shahidi, mfia dini.

Ami alinyamaza kidogo, kisha akasema hayo ni ya vitabuni.

Mwaka 2023 msitu wa Shakahola ukampa jibu ambalo mimi sikuwa nalo. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kule Kilifi, wakiwemo watoto wengi. Sijui mtu aliyechukiwa Pwani kuliko Paul Mackenzie, mhubiri anayeshtakiwa kuwashawishi wafuasi wake wafe njaa, na yeye yu hai, ana wakili, anapandishwa kizimbani, mashahidi wanamtazama usoni na mashtaka yake ya mauaji na ya ugaidi yanasomwa kwa sauti. Kesi inakwenda taratibu mno, ndiyo. Lakini kama dola inaweza kumfikisha Mackenzie kortini, kwa nini ilishindwa kumfikisha kijana wa Likoni mwenye cheti cha madrasa? Swali hilo Ami hakulipinga. Alisema tu, "Huyo Mackenzie hakuwa na jina la kwetu," akaomba chai.

Ilipofika Juni 2024 nchi nzima ikajifunza msamiati wetu. Vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Juni 25 wakaingia hadi ndani ya Bunge, kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule, na kufikia Desemba ikawa imeandika visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Magari yasiyo na namba, watu waliofunika nyuso, simu zinazozimwa saa ile ile, askari wa zamu asemaye hatuna mtu huyo. Nairobi ilishtuka kana kwamba jambo hili limezuliwa jana. Wanasheria walijitokeza kwa makumi bila malipo, na nilifurahi kwa dhati, ingawa ofisini tulitazamana.

Kisa kilichonifunza zaidi kati ya vyote vya mwaka ule ni cha mtu mkubwa. Justin Muturi, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo, alisimulia hadharani Januari 2025 kwamba mwanawe alitekwa katika siku zile za Juni, kwamba alihangaika kwa wakuu wa usalama, na kwamba kijana aliachiliwa baada ya yeye kwenda Ikulu na Rais kumpigia simu mkuu wa idara ya ujasusi. Hayo ni kwa maelezo yake mwenyewe. Fikiria: mshauri mkuu wa serikali kuhusu sheria, anayeijua ibara ya 25 kuliko mimi, mtoto wake anapopotea hakimbilii kwa jaji. Anakimbilia kwa mwenye simu. Mama wa Likoni alifanya kosa gani basi, isipokuwa kutokuwa na namba hiyo?

Sheria nazo zilisafiri kama magari. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ni ya mwaka 2012, na ilipitishwa kwa ahadi kwamba ni ya al-Shabaab. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, vijana walioshutumiwa kuchoma ofisi na kuvunja maduka walifikishwa kortini chini ya sheria hiyo hiyo. Mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa Julai 19 mwaka huo kwa madai ya kusaidia vitendo vya kigaidi. Alipofika mbele ya hakimu shtaka likawa la kupatikana na risasi. Kuchoma ofisi ya serikali ni kosa na lina kifungu chake. Halihitaji jina la ugaidi, ila kama unataka dhamana iwe ngumu na jirani aogope kumtembelea mama wa mshtakiwa. Hilo la jirani kuogopa tunalijua Pwani tangu zamani.

Wasomaji wangu wengine huniambia nishughulike na ya nyumbani, niachane na siasa za nje. Sijui mpaka uko wapi. Mkenya Mohamed Abdul Malik Bajabu alikamatwa hapa Mombasa mapema mwaka 2007, akakabidhiwa Wamarekani, na Machi ile akawa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani kisiwani Cuba. Akakaa huko zaidi ya miaka 17 bila kufunguliwa shtaka. Hakupitia korti yoyote ya Kenya kabla ya kuondolewa nchini mwake. Alirudishwa Desemba 2024, mwezi ule ule ambao vijana waliosambaza picha za kumdhihaki Rais walikuwa wakitekwa Krismasi. Sikuona gazeti lililoziweka habari hizo mbili ukurasa mmoja.

Guantanamo yenyewe ilifunguliwa Januari 2002 kwa wale walioitwa wabaya kuliko wabaya wote, na waliberali wa Marekani waliopinga waliambiwa wanatetea magaidi. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Wayemeni 11 kupelekwa Oman, wafungwa waliobaki walikuwa 15. Mtu angedhani mahali hapo panafungwa. Januari 29, Rais Trump akaagiza patayarishwe nafasi ya wahamiaji 30,000, na siku chache baadaye ndege ya kwanza ikatua. Machi 15 serikali yake ikapeleka Wavenezuela gerezani El Salvador kwa kutumia sheria ya mwaka 1798 iliyokusudiwa wakati wa vita. Katika ndege za siku hiyo alikuwemo Kilmar Abrego Garcia, ambaye jaji alikwisha kuzuia asirudishwe El Salvador. Serikali yenyewe ilikiri kwamba ni kosa la kiutawala, kisha ikasema haina uwezo wa kumrudisha. Niliposikia hivyo nikamsikia yule wakili wa serikali wa Mombasa: hatunaye. Tofauti ni kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru kurudi kwake kurahisishwe, na mwezi Juni akarudi, ingawa kwa kushtakiwa upya.

Sisi Waafrika tumepewa nafasi yetu katika biashara hiyo. Mwaka 2025 Sudan Kusini, Eswatini na Rwanda zilipokea watu waliofukuzwa Marekani ambao wengi wao si raia wa nchi hizo wala hawajawahi kukanyaga huko. Watu wengi waliliona kama jambo la ajabu. Kwetu Kenya ni mazoea: Nnamdi Kanu, anayetaka Biafra ijitenge na Nigeria, alikamatwa Nairobi mwaka 2021 na kusafirishwa kwao bila kufikishwa mbele ya hakimu wa Kenya, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikaja kusema miaka minne baadaye kwamba kufanya hivyo kulivunja Katiba. Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Uturuki wakarejeshwa kwao. Novemba 16 Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda, akatekwa Nairobi, na siku nne baadaye akasimama mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeishi uhamishoni, akachukuliwa mchana Nairobi na kuachiliwa baada ya saa chache kwa sababu kelele zilikuwa nyingi.

Nairobi ilipogeuka soko la kukabidhiana wapinzani, Wakenya wengi walisema hayo ni ya Waganda na Watanzania. Mei 2025 mkondo ukageuka. Boniface Mwangi na mwenzake wa Uganda, Agather Atuhaire, walikwenda Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa chama cha upinzani cha Chadema. Walishikwa, na wote wawili wameeleza hadharani jinsi walivyoteswa. Mwangi aliachwa karibu na mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, barabara ambayo sisi wa Kwale na Mombasa tunaipita tukienda harusini Tanga. Agather aliachwa Mutukula, mpakani mwa Uganda. Oktoba Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wakachukuliwa Uganda na kushikiliwa zaidi ya mwezi.

Tanga nina shangazi. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulipofika intaneti ilizimwa Tanzania, na kwa siku kadhaa ujumbe wangu ulibaki na tiki moja. Alipopatikana hakuzungumza siasa hata kidogo. Aliuliza bei ya unga kwetu na akakata simu. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2024, Ali Kibao wa Chadema alishushwa kwenye basi lililokuwa likielekea Tanga, na maiti yake ikapatikana Ununio, Dar es Salaam. Shangazi hupanda mabasi ya njia hiyo. Rais Samia alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na safari hii hata waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika, ambao si watu wa kusema maneno makali, walisema uchaguzi haukufikia viwango. Nilitarajia waliberali wenzangu wa Nairobi walipigie kelele kama walivyopigia la Mwangi. Wengine walifanya hivyo. Wengine walikuwa na shughuli nyingine.

Nirudi kwenye faili zangu. Agosti 2025 Rais aliunda jopo la kuratibu fidia kwa waathiriwa wa maandamano tangu mwaka 2017. Limekuwa na mivutano yake kortini, sitaingia huko. Ila siku lilipotangazwa mama wa bahasha alifika ofisini mapema, amevaa buibui la kutokea, kuuliza jina la mwanawe liandikwe ukurasa gani. Nilimsomea masharti. Mwanawe hakuwa kwenye maandamano, na mwaka aliochukuliwa ni kabla ya 2017. Aliniuliza kama kuna namna ya kuandika kwamba alikuwa kwenye maandamano. Nikasema hapana, Bi. Akasema basi yaandikwe yaliyotokea, watafute wenyewe pa kuyaweka. Tukaandika hivyo, tukapeleka kwa Tume ya Haki za Binadamu, nikagonga mhuri nakala yake.

Agosti 2027 tunapiga kura, na wagombea wameshaanza kupita. Ruto mwaka 2022 aliomba kura akilaani mauaji ya polisi, na Oktoba mwaka huo kikosi maalumu cha upelelezi, SSU, kilivunjwa. Sasa waliomgeuka wanalaani utekaji. Rigathi Gachagua alikuwa Naibu wa Rais Juni 2024. Fred Matiang'i alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani mwanzoni mwa 2022, maiti za watu zilipokuwa zikiopolewa Mto Yala. Sina kinyongo na mtu kubadilika, siasa ni kubadilika. Ninataka tu kujua mabadiliko yanaanzia mwaka gani. Kila mgombea anayefika Likoni namwuliza iwapo atafungua faili za Pwani za miaka ya 2012 hadi 2016, au anakusudia kuanza kuhesabu pale Nairobi ilipoanza kulia. Ami, ambaye siku hizi hukaa nami mikutanoni kwa sababu miguu yake haimruhusu kusimama nyuma, husema nawachosha wageni. Mpaka sasa aliyejibu ni mmoja, mgombea wa udiwani, na alijibu kwa kuniuliza nimetumwa na nani.